Mtu Hagawanyiki: Hesabu za Watu na Mizigo kwa Njia ya Aljebra

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora



Tuliombwa tuseme juu ya jambo lenye manufaa kwa kazi ya ukarani, nasi tumechagua hesabu. Twajua ya kuwa wako miongoni mwetu ambao wakisikia neno aljebra hukumbuka fimbo ya mwalimu kuliko faida ya somo. Twawaomba wavumilie kidogo. Hatukuja kuwarudisha darasani. Tumekuja kueleza jambo moja ambalo kila karani hukutana nalo mezani pake, naye asipoliangalia humdhulumu mtu bila kukusudia.

Jambo lenyewe ni hili. Ziko hesabu ambazo jawabu lake laweza kuwa nusu au robo, wala pasiwe na ubaya wowote: nusu ya pishi ya mtama, robo ya ratili ya chumvi, mikono miwili na nusu ya nguo. Tena ziko hesabu ambazo jawabu lake halina budi kuwa zima: watu, ng'ombe, mizigo ya kichwani, madawati ya shule, safari za lori. Mtu hagawanyiki. Lakini aljebra peke yake haijui hayo. Herufi yaweza kusimama mahali pa mtu au mahali pa unga, nayo haioni tofauti; anayeona tofauti ni karani aliyeiandika. Basi nia yetu leo ni kuonyesha kwamba sharti hili la uzima si taabu iliyoongezwa juu ya hesabu. Ni habari, na mara nyingine ni habari kubwa kuliko tarakimu zenyewe.

Sisi tulio Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano, kwa maana mji huu ulikua juu ya hesabu za namna hii. Kabla reli ya kati haijafika hapa mwaka 1912, bidhaa zilizotoka pwani ya Bagamoyo zilikuja Unyanyembe juu ya vichwa na mabega ya watu, safari ya miezi mitatu hivi, na pembe za ndovu zilishuka pwani kwa njia ile ile. Hapa njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi hata Ujiji penye ziwa, na nyingine ilielekea kaskazini hata Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika Kaze mwaka 1857. Livingstone alikaa Kwihara miezi kadha wa kadha mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani, asiweze kwenda mbele pasipo wao. Wanyamwezi walisifiwa kote kwa kazi ya upagazi, na kijana aliyekwisha kufika pwani na kurudi alihesabiwa kwao kuwa mwanamume kamili.

Katika njia ile palikuwa na vipimo ambavyo wazee wetu walivijua kama tujuavyo sisi saa. Mikono minne ya nguo ni shuka. Shuka mbili ni doti. Vibaba vinne ni pishi. Frasila moja ni kama ratili 35, na mzigo wa kawaida wa pagazi mmoja ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70. Mzigo uliomshinda mtu mmoja ulifungwa katika mti na kuchukuliwa na watu wawili mabegani, nao uliitwa mzegazega. Tutavitumia vipimo hivi katika mifano yetu. Misafara tutakayoitaja katika mifano ni ya kubuni, isipokuwa pale tutakapotaja jina na mwaka.

Tuanze na hesabu nyepesi isiyohitaji aljebra. Pana bidhaa za ratili 310, na kila pagazi achukue ratili 70. Je, tuandike wapagazi wangapi? Ukigawa 310 kwa 70 wapata 4 na sehemu tatu za saba. Shuleni tulifundishwa ya kwamba kipande kisichofika nusu hutupwa. Basi karani asiyefikiri ataandika 4. Lakini tuutazame mzigo. Ratili zile 310 zikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja achukua ratili 77 na nusu. Zile ratili saba na nusu zilizozidi ni uzito upitao pishi nzima ya nafaka, nazo zitakaa juu ya kichwa cha mtu kila siku kutoka Bagamoyo hata Tabora. Sehemu tatu za saba za mtu hazipo. Walakini uzito wake upo, na lazima uwe juu ya mtu fulani. Jawabu la haki ni 5.

Sasa tuchukue tarakimu zile zile katika jambo jingine. Ghalani mna shuka 310, na watu ni 70. Kila mtu apewe shuka ngapi nzima, wote wapate sawa? Kugawa ni kule kule, 4 na sehemu tatu za saba. Lakini hapa jawabu ni 4, na shuka 30 zabaki ghalani. Karani akiandika 5, nguo zitakwisha kabla ya safu kwisha, na watu wanane wa mwisho watarudi mikono mitupu. Twaona basi ya kuwa kugawa kumoja kumetoa majawabu mawili, 5 na 4, na yote mawili ni sahihi. Kilichoamua si kanuni ya nusu. Kilichoamua ni kuuliza: kipande hiki kitamwangukia nani?

Tuingie sasa katika aljebra. Neno hili lilitoka katika Kiarabu, al-jabr, nalo lilikuwamo katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi huko Baghdad karibu na mwaka 820. Maana yake ni kurudisha kitu mahali pake, kama mganga aungavyo mfupa uliovunjika. Kitu kisichojulikana Waarabu walikiita shay, yaani kitu tu. Sisi twaweka herufi mahali pake. Kazi yote ni kama kazi ya mizani. Pande mbili ziko sawa, na lolote utendalo upande huu sharti ulitende upande wa pili, hata kile kitu kibaki peke yake nawe ukione.

Mfano wa kwanza. Watu 31 watoka Tabora na pembe za ndovu. Wengine wachukua kila mtu mzigo wake wa frasila mbili. Wengine wamefunga mzegazega, watu wawili kwa frasila tano. Pembe zote ni frasila 70. Mizegazega ni mingapi? Tuweke m kwa mizigo ya mtu mmoja mmoja, na z kwa mizegazega. Basi:

m + 2z = 31
2m + 5z = 70

Katika mstari wa kwanza m ni 31 – 2z. Tukiiweka katika mstari wa pili twapata 62 – 4z + 5z = 70, yaani z ni 8, na m ni 15. Watu 15 na watu 16 ni 31. Frasila 30 na frasila 40 ni 70. Hesabu imetimia.

Lakini hebu tuseme daftari limeandika frasila 80 badala ya 70. Ukifuata njia ile ile, z itakuwa 18 na m itakuwa 5 pungufu ya sifuri. Aljebra haitapiga kelele. Itakuandikia watu watano walio chini ya kutokuwako, wala haitaona haya. Hapo karani ndiye apaswaye kusimama na kusema: watu 31 hawawezi kuchukua frasila 80 kwa mpango huu, ama watu walikuwa zaidi, ama mizani ilikosea, ama watu wamepakizwa kupita kiasi. Kwa hiyo sharti letu lina sehemu mbili: jawabu liwe zima, tena lisishuke chini ya sifuri.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao ndio kiini cha maneno yetu. Mkuu wa msafara ametoa posho ya shuka 143. Kila pagazi alipewa shuka 5, na kila askari shuka 8. Hakubaki shuka, wala hakuna aliyekosa. Idadi ya watu haikuandikwa. Je, wapagazi walikuwa wangapi, na askari wangapi? Tuweke p kwa wapagazi na a kwa askari:

5p + 8a = 143

Hapa mwanafunzi atasema: haiwezekani, vitu visivyojulikana ni viwili na mstari ni mmoja. Naye angekuwa na haki kama tungekuwa twapima unga, kwa kuwa majawabu yangekuwa hayana mwisho. Lakini twahesabu watu. Tuitenge p:

p = (143 – 8a) ÷ 5

Sasa tutoe humo kila kilicho kizima. Katika 143 mna 5 mara 28, zabaki 3. Katika 8a mna 5 mara a, zabaki 3a. Basi:

p = 28 – a + (3 – 3a) ÷ 5

Wapagazi ni wazima, 28 ni nzima, na askari ni wazima. Kwa hiyo kile kipande cha mwisho nacho hakina budi kuwa kizima, yaani 3 mara (1 – a) igawike kwa 5 bila baki. Tatu na tano hazina ushirika. Basi ni (1 – a) yenyewe itakayogawika kwa 5. Kwa hiyo a yaweza kuwa 1, au 6, au 11, au 16. Ikiwa 21, p itashuka chini ya sifuri. Majawabu yote ni haya manne, wala hakuna la tano:

Askari 1, wapagazi 27; jumla watu 28.
Askari 6, wapagazi 19. Jumla watu 25.
Askari 11, wapagazi 11. Jumla watu 22.
Askari 16, wapagazi 3; jumla watu 19.

Tazameni ya kuwa kila askari watano wanapoongezeka, wapagazi wanane hupungua. Sababu yake ni wazi: askari watano ni shuka 40, na wapagazi wanane ni shuka 40. Ukipata jawabu moja kwa kubahatisha, mengine yote utayapata kwa kubadilishana namna hiyo.

Sasa tumetoka katika giza tukafika penye milango minne. Habari ndogo tu yatosha kutuonyesha mlango wa kweli. Akija shahidi akasema, watu walikuwa 24, twajua papo hapo ya kuwa amekosea, kwa maana 24 haimo. Na akija mzee mmoja akasema, siikumbuki idadi, ila nakumbuka walipokaa kupika walikaa watano watano kila moto, wala hakubaki mtu, basi mzee yule asiyejua kusoma ameimaliza hesabu yetu. Katika 28, 25, 22 na 19, ni 25 peke yake igawikayo kwa tano. Askari walikuwa 6 na wapagazi 19. Kwa hiyo karani asidharau maneno ya watu ati kwa sababu hayana tarakimu.

Mfano wa tatu una hatari ndani yake, kwa kuwa wahusu jina jema la mtu. Daftari la ghala lasema shuka 500 zilitolewa. Kila pagazi alipewa shuka 6, na kila askari shuka 9. Nyapara alishuhudia kwamba alizigawa zote. Idadi ya watu haijulikani. Je, daftari na nyapara waweza kuwa wakweli wote wawili?

6p + 9a = 500

Sita yagawika kwa tatu, na tisa yagawika kwa tatu. Basi upande wa kushoto, watu wawe wangapi wawavyo, daima utagawika kwa tatu. Lakini 500 haigawiki kwa tatu; zabaki mbili. Hakuna idadi ya watu wazima, chini ya jua, iwezayo kutimiza hesabu hii. Zilizo karibu ni 498 na 501. Kanuni yake ni hii: tafuta namba kubwa kabisa inayozigawa zote mbili bila baki, ikiwa haiigawi jumla, hesabu haiwezi kuwa kweli, nawe usipoteze mafuta ya taa kuitafuta.

Sasa, ndugu zangu, ni rahisi sana kwa karani kuchukua kalamu akaandika: nyapara amekosa uaminifu kwa shuka mbili. Lakini hesabu haikusema hivyo. Hesabu imesema tu ya kwamba maneno haya, kama yalivyoandikwa, hayawezi kuwa kweli yote pamoja. Yamkini mwenye ghala alihesabu 498 akaandika 500 kwa kupenda namba ya duara. Yamkini mtu mmoja aliongezewa au kupunguziwa. Yamkini shuka zilichukuliwa kabla hazijatoka mlangoni. Karani mwenye haki ataandika: hesabu haipatani na mgawo, ghala lihesabiwe tena, na waliopokea waulizwe. Tena akumbuke upande wa pili. Kama daftari lingesema 504, hesabu ingekubali, na huenda bado ni uongo. Kipimo hiki hukamata uongo fulani. Hakithibitishi ukweli wote. Hesabu yaweza kumwokoa mtu na shutuma, lakini haifai kufanywa kamba ya kumfungia.

Baada ya misafara ya kubuni, tuje katika msafara wa kweli. Mwanzoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijitayarisha kuja huku kumtafuta Livingstone. Aliuliza wafanyabiashara Waarabu watu mia wahitaji nguo kiasi gani kwa chakula cha njiani. Akajibiwa: doti 10 kwa siku. Akakadiria miezi kumi na miwili. Siku 365 mara doti 10 ni doti 3650. Naye alipanga kununua doti 2000 za merikani, doti 1000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Jumlisheni: ni 3650 kamili.

Hebu tuutazame mpango huo kwa macho ya leo. Tukiweka herufi tatu kwa aina tatu za nguo, mstari wetu ni mmoja tu, kwamba jumla yao ni 3650. Kwa doti nzima nzima, pana njia zaidi ya milioni sita za kuitimiza jumla hiyo. Ni nini basi kilichochagua moja katika milioni sita? Si aljebra. Ni habari za njiani: watu wa mahali fulani wapenda nguo gani, na wa mahali pengine waikataa ipi. Katika ushanga ilikuwa vivyo hivyo. Stanley aliambiwa ya kuwa ushanga mwekundu, samisami, ulipokelewa upesi katika Unyamwezi, bali ushanga mweusi, bubu, ulifaa Ugogo na kwingineko haukuwa na thamani. Mtu angeweza kufika hapa na hesabu iliyo sahihi kwa doti na kwa frasila, akalala na njaa.

Tena tazameni: doti 10 kwa watu 100 ni sehemu moja ya kumi ya doti kwa mtu kwa siku. Hicho ni kitambaa kisichotimia mkono mmoja. Mtu atanunua nini kwa kitambaa kama hicho? Ukitaka kila mtu apate shuka nzima, mara tano ya kiasi kile ndiyo nusu ya doti. Yaani shuka moja kwa siku tano. Basi hata siku za kugawa posho ziliongozwa na sharti la uzima.

Hesabu hizi ni za kale, na mataifa mengi yalizishughulikia. Diophantus wa Aleksandria, katika Misri, aliandika juu ya mambo haya katika karne ya tatu, na hata leo wanahesabu huziita kwa jina lake. Katika China, karne ya tano, Zhang Qiujian aliweka fumbo la kununua ndege mia kwa fedha mia. Katika Misri, Abu Kamil, aliyezaliwa karibu na mwaka 850, aliandika kitabu kizima juu ya mafumbo ya ndege, akaonyesha kwamba mengine yana jawabu moja, mengine hayana kabisa, na moja lina majawabu zaidi ya 2600. Nasi tutoe moja la kwetu. Mtu ana fedha 40, anunue ndege 40 sokoni: bata mmoja kwa fedha 4, kuku mmoja kwa fedha 2, na njiwa wanne kwa fedha moja. Kila aina awemo. Ukiweka b, k na n, jumla ya ndege ni 40; na bei, ukiizidisha mara nne ili kuondoa kipande, ni 16b + 8k + n = 160. Toa mstari wa ndege katika mstari wa bei, na njiwa wataruka wote:

15b + 7k = 120

Ukijaribu b kuanzia 1, k ni 15. Haitakuwa nzima tena hata b ifike 8, ambapo k ni sifuri, nasi tumesema kila aina awemo. Basi ni bata 1, kuku 15, njiwa 24, wala hakuna jawabu jingine. Mistari miwili imetoa vitu vitatu, kwa sababu ndege, kama watu, hawagawanyiki wakiwa hai.

Huenda mtu akasema: haya ni mafumbo ya jioni, ya kuchangamshia baraza. Twamwomba atazame hesabu moja ya mwisho. Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 nchi hii ilikanyagwa na majeshi, na Tabora yenyewe ilitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916. Mahali pasipo reli wala barabara, chakula cha askari kilichukuliwa na wapagazi, na pagazi naye hula. Tuseme mzigo wa chakula ni ratili 60, na kila mtu, askari au pagazi, hula ratili 2 kwa siku. Askari 100 wako mwendo wa siku 12 kutoka ghalani. Pagazi atakula ratili 24 akienda na ratili 24 akirudi. Atakachokifikisha ni ratili 12 tu. Askari wahitaji ratili 200 kila siku. Ukigawa 200 kwa 12 wapata 16 na theluthi mbili. Karani akiandika 16, ratili 192 zitafika, na kila siku askari wanne watakosa chakula. Sharti wafike wapagazi 17 kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja yu njiani siku 24, watu 408 wawe njiani daima ili askari 100 wale. Na ghala likiwa mwendo wa siku 15, pagazi atakula mzigo wote, asifikishe hata punje.

Sasa angalieni kalamu yaweza kufanya nini. Karani akimwandikia pagazi chakula cha kwenda tu, asimwandikie cha kurudi, kila mmoja atafikisha ratili 36, na kwa siku wahitajiwa watu 6 badala ya 17. Katika karatasi hesabu inapendeza, na mkubwa atasifu. Lakini yule anayerudi hana kitu tumboni kwa siku kumi na mbili. Wapagazi waliokufa katika vita vile ni maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa maradhi na upungufu wa chakula. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zachukua majina yao katika jeshi lile la wachukuzi, Carrier Corps. Hatusemi ya kuwa karani mmoja aliwaua. Twasema ya kuwa daftari ndipo mahali ambapo mtu huweza kupotea kwanza, kabla hajapotea njiani.

Kwa kumaliza, twaweka mbele yenu mambo manne ya kukumbuka mezani. La kwanza, kabla hujaandika herufi, uliza: kitu hiki chagawanyika, au hakigawanyiki? Liandike jibu pembeni. La pili, tazama kama jumla yaweza kugawika na ile namba inayozigawa zote. Ikiwa haiwezi, rudi ghalani, usirudi kwenye kalamu. La tatu, toa kila kilicho kizima, na kipande kilichobaki kitakuonyesha milango. Kisha uwaulize watu waliokuwapo ni mlango upi. La nne, ukipata kipande cha mtu, usikitupe wala usikiongeze kwa mazoea. Angalia kitamwangukia nani.

Ili jambo hili lisife na hotuba, twaacha zoezi moja. Shule imepokea madawati ya watoto watatu watatu na madawati ya watoto watano watano. Wanafunzi ni 64, wamekaa wote, wala hapana nafasi iliyobaki tupu. Mwalimu ameyapanga madawati yote katika safu tatu zilizo sawa, halikuzidi hata moja. Madawati ya kila aina ni mangapi? Mwenye jawabu na alilete kwa Katibu, pamoja na njia aliyoifuata. Jawabu lisilo na njia halitapokelewa, kama vile hundi isiyo na sahihi.